Sura ya Saba: Tiketi Rahisi na Saa Nne za Kungoja

Kila ndege inapochelewa pale uwanja wa ndege wa Mombasa, Port Reitz, abiria huulizana maswali mawili. La kwanza: mbona hizi ndege za bei rahisi ndizo zinazotuweka hapa? La pili huja baada ya saa moja hivi, sauti zikiwa zimeanza kupanda: sasa hasara yangu nani atailipa? Sura hii inayachukua yote mawili kwa pamoja, kwa sababu aliyelielewa la kwanza huwa amepata nusu ya jibu la pili. Nitakalosema ni kwamba kuchelewa kwa ndege ya bei nafuu kunatokana na mpango uleule ulioishusha nauli, na kwa hivyo dawa yake kubwa iko siku ya kununua tiketi, kabla hujafika uwanjani. Lakini aliyelipa kidogo hakuuza haki zake. Watu wengi wa hapa kwetu hulijua moja tu kati ya haya mawili: kuna anayegombana kaunta bila kujiandaa, na kuna aliyejiandaa lakini akaondoka kimya huku anadai.

Nauli ilishukaje

Mwaka 1972 shirika changa la Southwest la Texas, Marekani, lililokuwa limeanza kuruka mwaka mmoja tu kabla, lilibanwa na pesa likauza ndege moja kati ya nne lilizokuwa nazo. Ratiba ya safari halikuipunguza. Wafanyakazi waliambiwa kuwa ndege ikitua, abiria washuke, wengine wapande na iondoke ndani ya dakika 10. Kazi ya ndege nne ikafanywa na ndege tatu. Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao Ryanair na easyJet waliuchukua Ulaya, na ambao baadaye ulifika kwetu: ndege iliyoegeshwa ni hasara, ndege iliyo angani inaingiza pesa, basi isiguse ardhi ila kwa dakika chache.

Fastjet ilianza kuruka Dar es Salaam Novemba 2012, ikiungwa mkono na Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza Aprili 2014 ikitangaza nauli za kuanzia shilingi 2,850 kwa safari ya kwenda tu. Mtu wa Mtopanga au Mtongwe aliyezoea kukesha ndani ya basi la Nairobi akaanza kupiga hesabu upya. Bei hiyo haikutoka hewani. Chakula kiliondolewa kwenye nauli, mzigo mkubwa ukalipiwa peke yake, tiketi zikauzwa kwa simu na intaneti, aina za ndege zikapunguzwa ili mafundi na marubani wasihitaji mafunzo ya namna nyingi. Yote hayo husaidia. Kinachosaidia zaidi ni kile cha Southwest: ndege moja ifanye safari nyingi kwa siku, na isiwepo nyingine iliyokaa bure ikingoja dharura.

Ndege ya akiba ndiyo anasa ambayo abiria wa bei nafuu hakuilipia. Ni vyema jambo hili lisemwe wazi, maana matangazo ya biashara hayalisemi.

Dakika sita

Tuchukue mfano. Ndege inatoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi. Safari ya Mombasa ni kama saa moja, kisha inakaa chini nusu saa kabla ya kurudi. Nusu saa hiyo huitwa muda wa kugeuza ndege: abiria kushuka, mizigo kutolewa, usafi, mafuta, abiria wapya kupanda. Kwa hivyo kila safari hula saa moja na nusu, na kufikia saa tatu usiku ndege hiyo itakuwa imemaliza safari 10. Sasa tuseme kila safari inapoteza dakika sita tu, labda mtu mmoja kasahaulika kwenye foleni ya ukaguzi, labda gari la mafuta limekawia. Hakuna abiria wa asubuhi atakayelalamika. Lakini dakika sita mara 10 ni saa nzima, na saa hiyo yote anaibeba abiria wa safari ya mwisho. Likitokea la kutokea asubuhi, kwa mfano ukungu wa Nairobi unaozuia ndege kutua, kuchelewa huko hakufidiki tena siku hiyo, kwa sababu nusu saa ya kugeuza ilikwisha kukazwa mpaka mwisho. Mtu wa Kisauni anaijua hesabu hii bila kufundishwa: matatu iliyonaswa asubuhi kwenye foleni ya Daraja la Nyali hairudishi ile trip ifikapo jioni.

Kuna sababu ya pili isiyoonekana kirahisi. Marubani na wahudumu wana ukomo wa saa za kazi uliowekwa kisheria, kwa usalama wa kila mtu. Ndege ikichelewa saa tatu, huenda ikafika ikiwa nzima lakini rubani wake amemaliza saa zake. Hapo shirika lenye marubani wengi wa akiba humwita mwingine. Shirika lililobana gharama huenda likalazimika kumtafuta Nairobi. Ndiyo maana kuchelewa kwa saa mbili kunaweza kugeuka ghafla kuwa "safari imeahirishwa hadi kesho", na abiria wakadhani wamefanyiwa ujanja. Mara nyingi si ujanja. Ni kwamba saa za kazi zimekwisha.

Msomaji atapinga: hata mashirika makubwa huchelewa, tena sana. Ni kweli. Mgomo wa marubani wa Kenya Airways wa Novemba 2022 uliwakwamisha maelfu ya watu waliolipa nauli za juu, na mwaka 2025 shirika hilohilo lilikuwa na ndege kubwa za Dreamliner zilizokaa chini kwa kukosa injini na vipuri. Hoja yangu haisemi kuwa nauli kubwa ni kinga. Tofauti huonekana baada ya ndege kushindwa kuondoka. Shirika kubwa lina ndege nyingine ya kubadilisha, au lina makubaliano ya kubebeana abiria, yaani mkataba unaoliruhusu kukuhamishia kwa shirika jingine kwa tiketi ileile. Mengi ya bei nafuu hayamo katika makubaliano hayo. Ndege yao ikikwama, unaingoja hiyohiyo, au unangoja nafasi katika safari yao inayofuata, ambayo huenda imejaa.

Kwa ufupi: nauli ni ndogo kwa sababu ndege hazipumziki na akiba haipo. Safari za jioni ndizo hubeba makosa ya siku nzima, na pengo likitokea hakuna wa kuliziba haraka.

Hesabu ya mtu wa bara

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi umo Changamwe, upande wa bara, na jambo hilo hubadilisha hesabu kwa wakazi wake kuliko wanavyofikiri. Mgeni aliyeko hotelini anapoambiwa ndege itachelewa saa nne, huongeza kikombe cha chai. Mkazi wa Likoni ameshavuka feri, akapanda matatu ya Magongo, akashukia mzunguko wa Changamwe na kuchukua tuktuk hadi Port Reitz. Akirudi nyumbani ataitumia nusu ya zile saa nne barabarani, na jioni hakuna anayejua foleni ya kivuko itakuwaje. Siku hizi kuna njia ya Dongo Kundu, inayomtoa Likoni hadi upande wa Miritini kupitia madaraja ya Mteza na Mwache bila kugusa kisiwa, lakini hiyo ni njia ya mwenye gari au mwenye pesa ya teksi. Wa Kisauni naye lazima avuke daraja, apite kisiwani, atokee Makupa. Wanaoweza kwenda nyumbani wakarudi ni wa Magongo, Chaani, Port Reitz na Mikindani. Waliobaki wajue kuwa wakishatoka asubuhi, wametoka kwa siku nzima.

Hata aliye jirani asiharakishe kuondoka. Saa mpya inayotangazwa ni makisio. Ndege iliyosemwa itafika saa mbili usiku inaweza kupatikana saa moja, na shirika halitamngoja aliyekwenda Magongo kula viazi karai. Ukiondoka, ondoka ukiwa na uhakika kwamba namba ya simu iliyo kwenye tiketi ni yako na si ya kijana wa saiba aliyekununulia. Hili ni kosa dogo linalowaumiza wengi: ujumbe wa kuahirishwa ulitumwa, tena mapema, lakini ukaenda kwa simu ya mtu mwingine.

Gharama kubwa zaidi huja kwa safari za kurudi. Ndege iliyopaswa kutua Mombasa saa tatu usiku ikitua saa saba, matatu nyingi zimelala, feri inafanya kazi lakini kwa safari chache, na teksi hutaja bei inayolingana na saa. Wakazi wa Kisauni wanajua wenyewe kwa nini mtu hapendi kushuka Mtopanga saa nane za usiku na begi mkononi. Pesa za teksi hiyo zinaweza kumaliza unafuu wote wa tiketi. Kwa hivyo anayelinganisha nauli na alinganishe namna hii: nauli, jumlisha mzigo, jumlisha usafiri wa kufika Port Reitz, kisha ajiulize itamgharimu nini akichelewa saa nne. Jumla hiyo ndiyo bei ya tiketi.

Kwa anayekwenda kumsalimia shangazi mtaa wa Umoja, Nairobi, kuchelewa saa nne ni kero, na tiketi rahisi inabaki rahisi. Kwa anayekwenda usaili wa kazi, kusikilizwa kwa kesi, miadi ya daktari bingwa au mazishi ambayo kwa desturi ya wengi wa Pwani hayangoji machweo mawili, saa ndiyo safari yenyewe. Huyu asinunue tiketi ya siku hiyohiyo kwa kutegemea ratiba. Aende jana yake, au apande treni ya usiku inayotoka Miritini saa nne na kumfikisha Syokimau, kituo cha Nairobi, kabla ya mapambazuko. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Utaniambia treni nayo huchelewa. Huchelewa, lakini ikichelewa saa mbili alfajiri, bado usaili wa saa nne unauwahi. Kinachokuokoa ni nafasi kati ya kufika na kuhitajika, na nafasi hiyo unaweza kuinunua kwa chombo chochote.

Shauri la kawaida ni kupanda ndege ya kwanza ya siku, kabla makosa hayajarundikana. Kwa Nairobi ni shauri zuri. Kwa Mombasa lina ila moja: ndege nyingi za safari za ndani hulala Nairobi, makao makuu ya mashirika. Ndege ya kwanza kutoka Mombasa mara nyingi ni safari ya pili ya ndege hiyo, na imeshapita kwenye ukungu wa Nairobi. Bado ni bora kuliko ya jioni. Si kinga kamili tu.

Tiketi mbili mfukoni

Hasara kubwa kuliko zote humpata anayeunganisha safari mwenyewe, na upande wa bara wapo wengi: vijana wanaokwenda kazini Ghuba, mahujaji wa Umra, akina mama wanaofuata biashara. Mtu hununua tiketi ya bei nafuu ya Mombasa hadi Nairobi, kisha tiketi nyingine, ya shirika jingine, ya Nairobi hadi Muscat au Jeddah. Machoni pake ni safari moja. Kwa mashirika ni mikataba miwili isiyojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa akaikosa ya pili, shirika la pili humhesabu kama abiria ambaye hakutokea, na mara nyingi tiketi hupotea yote pamoja na ya kurudi. Shirika la kwanza nalo litasema lilimwahidi Nairobi, na Nairobi limemfikisha.

Suluhisho ni moja kati ya mawili. Nunua tiketi moja inayobeba safari nzima chini ya namba moja, ambapo aliyekuuzia ndiye mwenye jukumu la kukufikisha hata kiungo kikikatika. Au, ukishikilia tiketi mbili, ziachie nafasi kubwa katikati. Saa tatu baina ya ndege mbili za tiketi tofauti ni kamari. Kulala Nairobi usiku mmoja ni nafuu kuliko kununua upya tiketi ya Jeddah. Kuna pia safari za moja kwa moja. Flydubai ilianza kuja Mombasa Januari 2024, mara nne kwa wiki. Hapo mtu ameepuka hatari ya kiungo, lakini aangalie hizo mara nne: safari ikifutwa, inayofuata ya shirika hilo huenda isiwe kesho. Aprili 2024 mafuriko yalipoifunika Dubai na mamia ya safari kufutwa, ni rahisi kuona kwamba wa njia zenye ndege nyingi kwa siku walikuwa na matumaini zaidi ya kupata nafasi mapema. Mwajiri anayekungoja arifiwe mapema kuhusu siku ya akiba, na muda wa viza ukaguliwe kabla ya kununua.

Ukishakwama

Tuseme tahadhari zote zilichukuliwa na bado uko ukumbini, ubao unasema imechelewa. Swali la maana kuliko yote ni lile ambalo wachache huliuliza. Usiulize tutaondoka saa ngapi, maana mhudumu atakujibu alichoandikiwa. Uliza kwa upole: "Dadangu, ndege itakayotubeba iko wapi saa hii?" Kama bado iko Kisumu au Eldoret, unaweza kupiga hesabu mwenyewe: irudi Nairobi, igeuzwe, ije Mombasa, igeuzwe tena. Ukiambiwa itaondoka baada ya saa moja ilhali ndege yenyewe haijatoka Kisumu, umeshajua ukweli kabla ya tangazo. Programu za simu kama Flightradar24 huonyesha jambo hilohilo bila kumsumbua mtu. Yale maneno "sababu za kiutendaji" hayakuambii chochote. Omba sababu yenyewe, na ikiwezekana kwa maandishi.

Upole ninaousema si wa adabu tu. Mhudumu wa kaunta hakuchelewesha ndege, mara nyingi hana mamlaka ya kutoa hoteli, lakini ana mamlaka juu ya jambo moja linalokuhusu: nani aingie katika viti vichache vya safari inayofuata. Hakuna sheria inayomlazimisha amwanze aliyempigia kelele.

Wakati huohuo kusanya ushahidi. Wengi hukumbuka hili wiki moja baadaye, wakati ujumbe umeshafutwa:

- picha ya ubao unaoonyesha saa ya awali na saa mpya;
- ujumbe wote wa shirika, usifute hata mmoja;
- pasi ya kupandia ndege, au picha yake;
- risiti za chakula, teksi na malazi. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi mzuri kwa kuwa una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyelipwa, basi teksi ya usiku ilipe kwa simu badala ya noti.

Kabla ya kununua chochote, uliza kama shirika litatoa chakula au mahali pa kulala. Mengi yana utaratibu wake ulioandikwa katika masharti ya safari, ule ukurasa mrefu ambao kila mtu huuwekea alama ya "nimekubali" bila kusoma. Ukiambiwa kuna chai ya bure baada ya muda fulani, idai. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya kurudishiwa pesa na kupangiwa safari nyingine, usiharakishe kuchagua pesa: ukishazichukua, jukumu la kukufikisha limekwisha, na tiketi mpya ya dakika za mwisho itakuwa ghali kuliko ulichorudishiwa. Kubali pesa iwapo una njia nyingine mkononi, tuseme kiti cha treni ya usiku ambacho umekihakikisha.

"Ulilipa kidogo, vumilia"

Hii ndiyo kauli inayowanyamazisha wengi, na ni ya uongo kisheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro za huduma. Haikuandikwa humo kwamba haki hizo huanzia nauli fulani. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 haikuweka kiwango hicho pia. Bei nafuu inaweza kukunyima chakula, mzigo wa bure, kiti cha kuchagua, kwa sababu hayo uliambiwa kabla ya kulipa. Lakini kufikishwa ndani ya muda unaokubalika ndicho kitu chenyewe ulichonunua.

Kwa safari za kimataifa kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake. Kifungu cha 19 kinasema shirika litawajibika kwa hasara iliyotokana na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kuwa lilichukua kila hatua ya busara kuiepusha, au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Zingatia ni nani anayetakiwa kuthibitisha: ni shirika. Ukomo wa fidia kwa abiria mmoja, tangu Desemba 2024, ni vipimo 6,303 vya SDR, ambacho ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha Duniani. Kwa dola ni zaidi ya 8,000. Hicho ni kilele, si zawadi ya kila anayechelewa. Unalipwa hasara uliyoipata na kuithibitisha: teksi, malazi, tiketi iliyopotea. Hasira na uchovu havina risiti.

Linganisha na jambo linalotokea katika uwanja huuhuu wa Port Reitz. Shirika la Kijerumani la Discover lilifanya safari yake ya kwanza kabisa, Julai 2021, kutoka Frankfurt hadi Mombasa. Kwa kuwa ni shirika la Umoja wa Ulaya, safari yake ya kurudi Frankfurt inalindwa na kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004. Ikifika ikiwa imechelewa zaidi ya saa nne kwa kosa la shirika, kila abiria hudai euro 600, bila kuthibitisha hasara yoyote, mbali na chakula na malazi. Haki hiyo inafuata safari, haifuati pasipoti. Msichana wa Changamwe anayekwenda masomoni kwa ndege hiyo anaidai sawa na mzee wa Kijerumani aliyetoka Diani. Abiria wa kwenda Nairobi aliyekaa kando yake ukumbini hana kiwango kama hicho kilichopangwa. Yeye ataanza kutafuta risiti.

Wenye mashirika wana jibu, na si jibu la kupuuzwa. Husema fidia za namna hiyo zitapandisha nauli, na maskini ndiye atakayerudi kwenye basi. Tuna kipimo cha hofu hiyo. Baada ya majivu ya volkano ya Iceland kusimamisha ndege Ulaya mwaka 2010, Ryanair iliwaongezea abiria wake euro 2 kwa kila tiketi kuanzia Aprili 2011, ikisema ni za kugharimia kanuni hiyo. Euro mbili. Kwa nauli zetu ndogo hata kiasi hicho kinahisika, nakubali, na kuikopi kanuni ya Ulaya nzimanzima hakutufai: euro 600 ni mara nyingi zaidi ya tiketi ya Nairobi. Nionavyo, kinachofaa kwa safari za ndani ni vitu vidogo vya uhakika vilivyobandikwa kaunta kwa Kiswahili, kila mtu avisome: baada ya saa ngapi chakula, baada ya saa ngapi malazi au nauli ya kurudi nyumbani, baada ya saa ngapi pesa zote. Abiria wa Likoni aliyekwama saa sita usiku anahitaji teksi ya leo kuliko kesi ya mwaka ujao.

Pingamizi jingine ni hali ya hewa: ukungu na radi si kosa la mtu. Sawa, na sheria inalikubali hilo. Lakini kinga hiyo ina mpaka. Ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi unaeleza kuchelewa kwa saa mbili asubuhi. Unapoambiwa saa mbili usiku kwamba bado ni ukungu uleule, una haki ya kuuliza kama ni ukungu au ni ukosefu wa ndege ya pili. Kubana akiba ni uamuzi wa biashara, na faida yake ilishaingia mfukoni mwa mwenye biashara.

Kwa ufupi: nauli ndogo hupunguza starehe, haipunguzi haki. Safari za nje zina Mkataba wa Montreal. Za ndani zina Katiba, sheria ya watumiaji na masharti ya tiketi.

Dai linapelekwa wapi

Anza na shirika lenyewe, kwa maandishi. Barua nzuri ni fupi: namba ya tiketi, saa iliyoahidiwa, saa ya kufika, hasara kwa shilingi, nakala za risiti, na siku unazowapa kujibu. Usiandike kurasa tatu za uchungu. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Kenya, KCAA, ambayo ndiyo inayotoa leseni za mashirika. Hasara za shilingi si lazima ziende kwa wakili: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe.

Watasema wengi kuwa shilingi 3,000 za teksi hazistahili usumbufu huo. Kwa mtu mmoja, huenda ni kweli. Lakini abiria waliokwama pamoja walikuwa karibu 80 ndani ya ndege moja, na mamlaka inayopokea barua 80 kuhusu safari moja haiwezi kusema haijui. Kabla hamjaachana ukumbini, badilishaneni namba na mpatane kila mmoja aandike. Msichelewe. Mzigo uliocheleweshwa katika safari ya nje hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ulioharibika, ndani ya siku 7. Dai la kuchelewa kwa abiria chini ya Mkataba wa Montreal hufa baada ya miaka 2 tangu siku ndege ilipofika au ilipopaswa kufika.